Dick Hoyt, baba aliyekimbia kwa ajili ya mwanawe



Mbio za marathoni za Boston, ambazo wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki huzikumbuka kwa ushindi wa Mkenya Ibrahim Hussein mwaka 1988, zina pia baba mmoja anayestahili nafasi katika kurasa za michezo sawa na bingwa yeyote. Dick Hoyt, aliyefariki Machi 2021, alikuwa mwanajeshi wa Marekani ambaye mwanawe, Rick, alizaliwa mwaka 1962 akiwa na mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri uwezo wa mtu wa kuvitawala viungo vyake. Madaktari walishauri mtoto apelekwe kituo cha malezi, lakini wazazi walikataa katakata. Mwaka 1977 Rick, aliyezungumza kwa kompyuta aliyoiendesha kwa kichwa, alimwomba baba yake washiriki pamoja mbio za hisani za maili 5, na tangu hapo baba akawa anamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, mpaka Boston, kilomita 42.195, ambako walishiriki pamoja kwa mara ya mwisho mwaka 2014. Katika triathloni, shindano linalounganisha kuogelea, baiskeli na mbio, Dick aliogelea akiivuta boti ya mpira alimolala Rick, kwa kamba iliyofungwa mwilini mwake. Aliposhauriwa akimbie peke yake ili apate muda bora zaidi, alikataa, na katika uamuzi huo, kuliko hata katika sanamu ya shaba waliyowekewa Hopkinton, mbio za Boston zinakoanzia, mwaka 2013, ndipo ulipo ukubwa wake.

Msomaji,
Arusha