Mnaomcheka Lufufu, nyie mmetufanyia nini?

Nimeiona Mufasa. Najua nimechelewa, ilitoka Desemba 2024 na watoto wa majirani wameshaikariri yote, lakini kawia ufike. Kwa picha sina ugomvi nayo. Barry Jenkins namheshimu tangu Moonlight ya 2016, na yale mafuriko ya mwanzoni yalinifanya niinue miguu juu ya kiti (hehehe). Hadithi ni ya kawaida, nyimbo za safari hii hazikunikaa kichwani. Mtoto aliyepotea, ndugu wawili, wivu, basi.

Ila sasa. Mwana wa mfalme, simba mrembo kabisa, anaitwa Taka. Taka jamani! Wanalitamka jina hilo filamu nzima kwa mapenzi na majonzi, na mimi kila nikilisikia naliona jalala la Pugu. Nchi ya ahadi wanayoitafuta inaitwa Milele. Simba jike anayegombaniwa ni Sarabi, yaani mazigazi. Yule ngiri wetu wa zamani bado ni Pumbaa na nyani bado ni Rafiki. Unakaa pale kama mtu anayesomewa kamusi. Maneno yetu yamejaa kila kona ya filamu, lakini filamu yenyewe haisemi na sisi. Inawasemea watu wa Ohio, na Kiswahili ni bizari tu ya kuweka rangi.

Na mchezo huu hawakuanza jana. The Lion King ya kwanza ni ya 1994. Fisi mmoja wakamwita Shenzi, asante sana. Mwaka huo huo kampuni ya Disney ikaomba kusajili "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara huko Marekani, na mwaka 2003 ikapewa, kwa ajili ya kuchapa kwenye fulana. Maneno ambayo Them Mushrooms wa Mombasa walikuwa wameshayaimba tangu 1982 katika Jambo Bwana! Mwishoni mwa 2018 watu wakashtuka, likaanzishwa ombi la mtandaoni, na aliyelianzisha alikuwa Mzimbabwe. Sisi wenyewe tulikuwa tunauza vinyago. (Halafu hapa Dar nani anasema hakuna matata? Tunasema hamna shida.) Mwaka 2016 ikaja katuni ya The Lion Guard, nayo wahusika ni Bunga, Fuli, Ono na hata Beshte, neno la vijana wa Nairobi.

Sasa sikilizeni hii. Filamu ya 1994 ilitiwa sauti za Kizulu miaka ile ile ya 1990. Vizuri, Wazulu wanastahili. Moana ilitafsiriwa kwa Kimaori mwaka 2017, na hilo pia ni haki, maana hadithi ni ya watu wa Pasifiki. Frozen 2 ya 2019 ilitiwa sauti za Kisami cha Kaskazini, lugha ya wafugaji wa paa wa kule Norway na jirani zake, ambayo wazungumzaji wake hawafiki 30,000. Elfu thelathini! Hao ni Manzese na chenji inabaki. Star Wars ya kwanza ilitiwa sauti za Kinavajo mwaka 2013, lugha yenye wasemaji chini ya 200,000, na Finding Nemo ikafuata 2016. Kiswahili, ambacho UNESCO wenyewe wanasema kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200 na wakakipa siku yake Julai 7, toleo lake rasmi la ile filamu ya Simba silioni kuanzia 1994 mpaka leo.

Nataja Star Wars kwa sababu nyingine pia. Return of the Jedi ya 1983 ina yule kiumbe wa anga za mbali mwenye mashavu yanayoning'inia, anaitwa Nien Nunb. Sauti yake ni ya mwanafunzi Mkenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, na anachokisema ni Kikuyu. Watu wa Nairobi walipoiona walicheka wakalia, maana walikuwa wanamwelewa. Kwa hiyo lugha za Afrika Mashariki zinafaa kwa simba, fisi na majini ya kwenye sayari. Zikija kwa binadamu aliyelipa kiingilio, gharama inakuwa kubwa.

Nilikuwa nayasema haya kazini na mwenzangu mmoja, mwandishi mzuri tu, msomi, akanijibu kwa kicheko. Akasema tafsiri tayari mnazo, si mna Lufufu na wenzake kule kwenye vibanda umiza? Chumba kizima kikacheka. Tangu siku hiyo nina hasira, na leo naitoa.

Kwa wadau mliozaliwa juzi, au mliokulia sehemu zenye geti: Lufufu ni yule bwana aliyekuwa anachukua filamu ya Kimarekani, ya Kichina au ya Kihindi, anashusha sauti ya filamu, anapandisha ya kwake, na anakuhadithia yote kwa Kiswahili kuanzia dakika ya kwanza. Wahusika wote peke yake. Kanda zake za VHS zilizunguka nchi nzima, baadaye zikawa CD. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo na kundi kubwa nyuma yake. Hakuna wizara iliyowatuma, na ruzuku hawakupata. Waliona tatizo wakalitatua kwa maikrofoni moja.

Na wanafanya kazi ngumu kuliko mnavyodhani. Jaribu wewe uone. Watu watatu wanabishana kwa Kiingereza cha mtaani kwao, risasi zinalia, na wewe una sekunde nne za kumfanya mama muuza vitumbua ajue nani kamsaliti nani. Mtafsiri mzuri anakukumbusha kwamba huyu mwenye kovu ndiye aliyemuua baba yake steringi kule mwanzo. Anamsema polisi anayezubaa. Jamaa akikata kona mitaa ya Hong Kong, anakuambia huyo anatokea Kariakoo. Bibi aliyekaa pale hajawahi kuvuka Ruvu, lakini akitoka anakusimulia filamu nzima na sababu zake. Nyie mliotoka kwenye sinema yenye kiyoyozi mnasimulia milipuko.

Mnasema wanaongeza chumvi. Ni kweli, wanaongeza. Sasa nikuulize: Mwalimu Nyerere alipotafsiri Shakespeare, ile The Merchant of Venice ya 1969 aliiitaje? Mabepari wa Venisi. Merchant ni mfanyabiashara, kila mtu anajua, na Mwalimu alijua kuliko wote. Akaweka mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Hiyo ni chumvi ya mawe kabisa, na tunaisifia, tena kwa haki. Mwengo wa Athumani wa Pate, mwaka 1728, alichukua habari za vita vya Waislamu na Herakli, mfalme wa Warumi, akazifanya Utendi wa Tambuka, na mashujaa wake wanaongea Kiswahili safi kama wamezaliwa Lamu. Chuo kikuu huko tunasomea shahada. Akifanya mtu wa Temeke, tena kwenye filamu ya ngumi, tunasema anaharibu kazi ya watu.

Japani zama za filamu bubu walikuwa na benshi, msimulizi anayesimama pembeni ya pazia na kuwasemea wahusika. Baadhi yao walikuwa na jina kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Urusi nao, enzi za mwisho za Usovieti, walikuwa na Leonid Volodarsky na wenzake waliosoma tafsiri juu ya kanda za magendo, na leo watu wazima kule wakiikumbuka sauti ile wanalainika.

Haya, la magendo. Hapa sikwepi. Lufufu hakuwa na kibali cha Hollywood, na sheria yetu ya hakimiliki ni ya 1999, ipo, na haisemi kwamba ukiwa na kipaji unaruhusiwa. Mwenye filamu akidai hela yake ana haki. Lakini mwenye filamu huyo amekaa miaka zaidi ya 30 bila kuleta bidhaa kwa lugha ya mnunuzi. Angekuja mwaka 1995 na The Lion King ya Kiswahili, na Bi Hindu ndani yake kama fisi (hebu fikiria!), nani angenunua ya magendo? Duka lilikuwa limefungwa, watu wakanunua kwa mmachinga.

Na msiniambie soko halipo, maana wengine walishaliona. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina kuhusu Mao Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili, na mama zetu walikuwa wanaacha mboga jikoni. Ilikuwa kubwa kiasi kwamba Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake. Rais wa China anamtaja Doudou! Baadaye Azam TV wakaleta Waturuki, wanaapa, wanalia na kuchomana visu kwa Kiswahili fasaha. Sasa hivi ukienda kwa shangazi yangu saa za tamthilia, usimsalimie, subiri matangazo. Wachina na Waturuki si malaika, wana mambo yao wanayoyatafuta. Lakini walifanya heshima ndogo ya kubisha hodi kwa lugha ya mwenye nyumba.

Hoja ya mwenzangu iliyobaki ilikuwa hii: watu wajifunze Kiingereza. Mjerumani haambiwi hivyo. Ujerumani karibu kila filamu ya Hollywood inatiwa sauti za Kijerumani, na nyota mkubwa ana mtu wake maalum wa kumsemea miaka na miaka. Ufaransa nao vivyo hivyo. Hakuna anayemwona mtu wa Berlin mshamba. Kumbe ushamba ni pale anayetaka kuelewa anapokuwa fundi gereji wa Buguruni.

Nikiwa hapo hapo niwaguse na watengeneza filamu wetu. Girlfriend ya 2003, Devil Kingdom ya marehemu Kanumba, na rundo lingine, ndani Kiswahili mwanzo mwisho, jaladani Kiingereza. Chini yake tafsiri ya maandishi ambayo Mwingereza akiisoma anaomba tafsiri nyingine. Mlikuwa mnamwandikia nani? Wateja wenu wote walikuwa wanaelewa mnachosema! Tofauti kubwa ni Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, iliyofika tamasha la Toronto mwaka 2021. Jina halikuona aibu. Mimi naona kitabu kinaizidi filamu, Yasmin wa kitabuni ana safari ndefu zaidi na Mwajuma wa kitabuni sitakaa nimsahau, lakini vile vichochoro vya Unguja usiku na mvua, na watu wanaongea Kiunguja bila kumwombea mtu radhi... hiyo nimeiangalia mara tatu.

Inayonipa hamu ni The Odyssey ya Christopher Nolan, yenye tarehe ya Julai 2026. Matt Damon ndiye Odysseus, na dada yetu Lupita Nyong'o yumo. Sina shaka itakuwa kubwa na yenye kelele, na nusu ya maongezi hayatasikika kwa ajili ya muziki, maana Nolan ndivyo alivyo, Tenet ya 2020 nilitoka nayo kichwa kinauma. Lakini hadithi yenyewe ni ya pwani kabisa. Nahodha kapotea baharini miaka kumi, huku nyuma nyumba imejaa wanaume wanaokula ng'ombe wake na kumposa mkewe, mke anawazungusha kwa kufuma nguo. Kuna zimwi la jicho moja ndani ya pango. Hiyo ukimpa mtafsiri wa kibanda umiza, unadhani atahitaji msaada? Huyo mama mfumaji atapewa semi ambazo hazimo kwenye muswada wa Nolan na zitamfaa zaidi.

Nitaiona kwanza kwa Kiingereza, kisha nitaitafuta ya Kiswahili, na nitaandika ipi niliielewa.

Wakati huo huo nina shida. Kanda za VHS kwenye joto na unyevu wa pwani huota ukungu, na ukungu ukishaingia mkanda haupiti tena kwenye deki. Zile za Lufufu za mwanzo, za kabla ya CD, ndizo zinazokufa sasa hivi kwenye maboksi chini ya vitanda. Maelfu ya saa za Kiswahili cha kusemwa, cha miaka ya 1990 na 2000, zitatupwa siku mtu akihama nyumba. Mwenye nazo, hata moja, hata iliyokatika, asitupe. Nina deki inayofanya kazi na rafiki anayejua kuhamishia kwenye kompyuta. Nafika mpaka Kibaha kwa nauli yangu.