Behewa Chakavu Bado ni Mali ya Umma

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usemi huo wafaa kukumbukwa wakati huu ambapo nchi yetu inajenga reli mpya. Tarehe 14 Juni, 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kabla mwaka huo haujakwisha ilikuwa inafika Dodoma. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini kila behewa jipya linapoingia kazini, lipo la zamani ambalo limekwisha kazi au litakwisha kesho. Je, hilo liende wapi?

Jibu jepesi ni kulikata vipande na kuliuza kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Sisi hatukubali kwamba jibu hilo liwe la kwanza. Behewa lilinunuliwa kwa jasho la wananchi, na kuchakaa hakulifanyi kuwa mali isiyo na mwenyewe.

Hapa kwetu tumekwisha kuona faida ya kutokata tamaa mapema. Oktoba 2012, usafiri wa treni ulianzishwa jijini Dar es Salaam kwa kutumia mabehewa ya zamani yaliyofanyiwa matengenezo. Wananchi waliipa jina la Treni ya Mwakyembe, kwa kumkumbuka Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, na wafanyakazi wengi wakaepukana na msongamano wa barabarani. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu behewa lolote ni kama laweza kutengenezwa likarudi relini.

Likiwa haliwezi, bado lina kazi. Mwaka 1937, mjini Tokyo, Mwalimu Sosaku Kobayashi alifungua shule iliyoitwa Tomoe, ambayo madarasa yake yalikuwa mabehewa ya treni yaliyokwisha kazi. Shule hiyo iliteketea kwa mabomu ya vita mwaka 1945. Hata hivyo, mmoja wa wanafunzi wake, Tetsuko Kuroyanagi, aliisimulia katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, na sifa zake zikaenea duniani. Walimu wetu wazingatie jambo moja: watoto wa Tomoe waliyapenda yale mabehewa kwa sababu ndani yake walimkuta mwalimu aliyewasikiliza.

Upo pia mfano wenye onyo. Kati ya mwaka 2001 na 2010, mji wa New York ulizamisha baharini zaidi ya mabehewa 2,500 ya treni zake za chini ya ardhi, kwanza katika pwani ya Delaware, kisha katika majimbo mengine. Yalisafishwa mafuta, yakaondolewa magurudumu, milango na madirisha, yakashushwa mahali penye mchanga mtupu ili yawe maficho ya samaki. Yale ya kwanza yalifanya kazi vizuri: kome walishika kwenye vyuma, na samaki wakafuata. Lakini mabehewa ya aina nyingine, yaliyotengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, yaliporomoka miezi michache tu baada ya kuzamishwa katika pwani ya New Jersey mwaka 2008, na jimbo hilo likakataa kupokea mengine. Tena yale ya kwanza yalikuwa na asbesto, na gharama ya kuiondoa ilikuwa sababu mojawapo ya kuyapeleka baharini.

Hatusemi tuige jambo hilo. Pwani yetu ina matumbawe yake, nayo yanahitaji kulindwa dhidi ya baruti za wavuvi haramu kuliko kuongezewa vyuma. Tunalojifunza ni kwamba kila behewa lichunguzwe lilivyoundwa kabla ya kupewa kazi mpya, na kwamba sumu iliyomo, iwe asbesto au rangi yenye risasi, iondolewe kabla mtoto hajakanyaga ndani.

Tunashauri basi kwamba mabehewa yasiyoweza tena kutembea yaorodheshwe, na orodha hiyo itangazwe wazi. Halmashauri na shule zilizo karibu na reli, huko Tabora, Kigoma, Tanga au Mbeya, zipewe nafasi ya kuomba kabla ya mnada. Behewa ni zito, na kulipeleka mbali na reli ni kupoteza fedha. Likiwekwa kivulini na kufunguliwa madirisha, laweza kuwa maktaba, ofisi ya walimu au karakana ya mafunzo. Lisiwe kisingizio cha kutojenga madarasa. Mtoto wa mkulima anastahili shule kamili, na behewa liwe nyongeza juu yake.

Yatakayobaki bila mwombaji yauzwe kama chuma, lakini kwa mnada wa hadhara na kwa hesabu inayoonekana. Wote tunajua jinsi biashara ya vyuma chakavu ilivyowashawishi wengine hata kung'oa vyuma vya reli inayotumika.

Wajibu huu ni wa watumishi wa umma wanaoshika kalamu na vitabu vya hesabu. Mali bila daftari huisha bila habari. Behewa lililobeba wananchi kwa miaka mingi lisipotelee gizani, mbele ya macho yetu, bila hata mstari mmoja wa kumbukumbu.