Huyo Paka Mgonjwa Mchukue, Lakini Piga Hesabu Kwanza



Wiki hii kuna swali lililoingia kwenye grupu letu la ushirika likazua maneno hadi usiku wa manane. Dada mmoja anataka kuchukua paka kutoka kituo cha kuokoa wanyama hapa Nairobi. Paka huyo amepimwa akakutwa na FIV, na kituo kinasema atapewa tu mtu atakayemweka ndani ya nyumba. Majibu aliyopata? "Huyo ana ukimwi, asiguse vyombo." "Tena mweusi? Ushindwe!" Mwingine akauliza kama mtu aliyeokoka anaweza kulala nyumba moja na paka.

Nijibu hapa mbele ya wote. Mimi naona amchukue.

Tuanze na ugonjwa, maana hapo ndipo hofu ilipo. FIV ni virusi vya paka. Vilitambuliwa mwaka 1986 huko California, Marekani, na ni kweli viko katika ukoo mmoja na virusi vya Ukimwi wa binadamu. Lakini binamu yako si wewe. FIV haimwambukizi mtu kwa kukwaruzwa, kwa kulambwa, wala kwa mtoto kumkumbatia paka. Paka humwambukiza paka mwenzake, na njia kuu ni meno yanapozama kwenye nyama, zile vita za madume juu ya mabati tunazozisikia usiku. Ndiyo sababu kituo kinataka akae ndani. Huko nje angeambukiza wengine, na yeye mwenyewe, kinga yake ikiwa dhaifu, angeokota magonjwa asiyoweza kushindana nayo. Ndani, akiwa amehasiwa, anakula vizuri na anaonwa na daktari wa mifugo, anaweza kuishi miaka mingi.

Sasa nisikilizeni. Kanisa lolote la ukubwa wetu lina watu wanaoishi na VVU. Wanameza dawa kila siku, wanaimba kwaya, wanapika chai baada ya ibada. Na wao wako kwenye grupu. Wao pia walisoma "asiguse vyombo", na vile vikatuni vya kucheka vilivyofuata. Unafikiri mtu huyo alisoma habari za paka? Alisoma jinsi utakavyomtendea siku utakapojua hali yake. Miaka yote hii tumefundishwa kwamba VVU haviambukizwi kwa sahani wala kwa kukumbatiana, tukaitikia amina, kisha paka mmoja akatosha kutoa yaliyobaki moyoni. Kama uliandika, futa. Futa leo kabla ya ibada ya jioni.

Kuhusu weusi wake sina mengi. Ni rangi ya manyoya. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake, na haiulizi rangi. Na Nathani alipotaka kuuchoma moyo wa Daudi, 2 Samweli 12, alimsimulia habari za maskini aliyemlea mwanakondoo ndani ya nyumba, akala chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi hakumcheka yule maskini. Aliwaka hasira kwa ajili yake.

Wapo wanaosema pesa hiyo ingelisha yatima. Ni neno zito, nami silidharau. Ila wengi wanaolisema sijawaona na pakiti ya unga siku ya kugawa chakula. Anayetoa hutoa kotekote. Hata hivyo, kama karo ya mwanao haijalipwa na kodi ya nyumba imepita tarehe, usichukue mnyama mgonjwa kwa kusukumwa na huruma ya siku moja. Bwana alifundisha katika Luka 14:28 kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza ahesabu gharama.

Basi keti. Landilodi anaruhusu? Muulize kabla hujampenda paka, maana kumrudisha ni kumtupa mara ya pili. Daktari wa mifugo utamlipa? Mwenye FIV anahitaji kuonwa mara mbili kwa mwaka, na ufizi wake huvimba kwa urahisi, kwa hiyo ukiona ameacha kula usingoje wiki. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia. Akiwa bado mdogo, chini ya miezi sita, omba apimwe tena baadaye, kwa sababu kipimo kinaweza kuwa kinaona kinga aliyopata kwa mama yake tu.

Chakula chake kipikwe. Nyama mbichi na samaki mbichi vina vijidudu ambavyo kinga yake haiwezi. Omena peke yake haimtoshi, na paka wengi wakubwa maziwa huwaharisha, kwa hiyo mpe maji. Beseni la mchanga lisafishwe kila siku, na mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo. Madirisha yawe na wavu. Mfungie kamba ya katani kwenye kipande cha mbao akwaruze hapo, la sivyo atakwaruza kochi lako na utanipigia simu.

Na tafadhali, usimpe dawa za watu. Paracetamol humuua paka, hata kidonge kimoja. Mwombee, ndiyo, mwombee kwa imani. Lakini beseni halisafishwi kwa maombi.

Kama huna paka wa kumlenga na moyo umeguswa, KSPCA hapa Nairobi huwapokea paka na mbwa waliotupwa na kuwatoa kwa watu wa kuwalea. Ulizeni wazi kama wapo wagonjwa au wazee, wale ambao kila mtu huwapita akitafuta mtoto mzuri wa paka.

Jambo la mwisho ni Desemba. Nyumba nzima ikienda ushago wiki mbili, nani atabaki na ufunguo? Si askari wa geti wa kurusha omena dirishani. Awe mtu wa kuingia ndani kila siku, abadilishe maji, asafishe beseni, aone kama paka amekula. Mtafute huyo kwanza, ndipo uende kituoni.

Mbarikiwe.