Atumwaye Bila Kufunzwa

Mtu mzima hutembea bila kufikiri. Haliamrishi paja liinuke wala goti likunjike. Hayo alijifunza utotoni kwa kuanguka mara nyingi, kisha akasahau hata kwamba alijifunza. Usahaulifu huo ndio uliotikiswa mwaka 2008 na Bennett Foddy, Mwaustralia aliyesomea falsafa, alipotunga mchezo mfupi wa kompyuta uitwao QWOP.

Mchezo wenyewe ni mbio za mita 100. Katika michezo mingi ya kompyuta kitufe kimoja hutosha kumwendesha mhusika mbele. Humu vimo vinne: Q na W huendesha mapaja, O na P huendesha miguu chini ya magoti, na mchezaji hana budi kuvipatanisha mwenyewe. Wengi humwangusha mkimbiaji baada ya hatua chache tu, na watazamaji huangua kicheko.

Kicheko hicho chapasa kuchunguzwa. Kwa mujibu wa maelezo ya mchezo, mkimbiaji huyo ndiye mwakilishi pekee wa taifa lake katika mbio hizo za Olimpiki, na mafunzo yake hayakutengewa fedha za kutosha. Basi aangukaye si mzembe. Ametumwa kabla ya kuandaliwa, na waliomtuma hawaonekani uwanjani. Wahenga walinena kwamba kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Lakini walimsemea mtu aliyekwisha kufunzwa kutembea.

Liko jambo zito zaidi. Wachezaji wamegundua kwamba mkimbiaji akipiga goti na kujikokota, haanguki. Taratibu husogea mpaka mwisho, na kipimo kikaandika mita 100. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna aliyekimbia.

Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapopaswa kutahadhari. Mwanafunzi akaririye majibu asiyoyaelewa, na karani mpya aliyekabidhiwa majalada bila kuelekezwa, nao hujikokota kwa magoti, ilhali taarifa ya mwisho wa mwaka husomeka vizuri.

Haifai, basi, kumcheka aangukaye, wala kuridhika na atambaaye kwa kuwa amefika. Linalopasa ni kuuliza, kabla mbio hazijaanza, nani amemfunza mkimbiaji, kwa muda gani, na kwa fungu lipi. Swali hilo likiulizwa baada ya mbio, halimsaidii tena.