Dawa za Magendo Zikomeshwe Kariakoo

Wapo walanguzi katika maduka ya Kariakoo wanaoiona dawa kuwa bidhaa kama kanga au sufuria. Fikra hiyo haina budi kupigwa vita.

Viwandani, dawa nyingi hutengenezwa kwa viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia kama methanoli na tolueni, ambavyo hutakiwa kuondolewa baadaye. Kuviondoa kwahitaji muda na nishati, na bepari anayetanguliza faida huona heri kuharakisha. Mabaki yake mnunuzi hayaoni. Benzini, iletayo saratani ya damu, kwa kawaida haitakiwi kuzidi sehemu 2 katika milioni. Ni jicho gani la Mtaa wa Msimbazi litakalopima hayo?

Kipimo ni kromatografia ya gesi. Sampuli hupashwa moto, mvuke wake ukasukumwa na gesi ndani ya mrija mwembamba, na kila kiyeyushi kikatoka kwa wakati wake na kujulikana kiasi chake. Maabara ya Mabibo ilitambuliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011. Lakini dawa iliyopitia bandari bubu haifiki Mabibo, wala haina jalada la usajili.

Watetezi wa walanguzi hudai kuwa upimaji hupandisha bei na kumwumiza mnyonge. Mnyonge yupi? Yule wa Gambia, ambako mwaka 2022 watoto zaidi ya 60 walikufa, na dawa za maji kutoka nje zikakutwa na dayethilini glikoli, sumu inayobainishwa na chombo hicho hicho?

Mwenye duka aonyeshe usajili wa dawa yake na stakabadhi ya aliyemwuzia. Akishindwa, afikishwe mahakamani.