Barua ya Wazi kwa Tume ya Sayansi na Teknolojia: Hataza Zisomwe, Zisihesabiwe Tu

Kwa Mkurugenzi Mkuu, COSTECH, Dar es Salaam.

Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na dola. Mvumbuzi hupewa haki ya peke yake, katika nchi nyingi kwa miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa. Naye hulazimika kueleza uvumbuzi wake kinagaubaga, hata fundi mwingine wa kazi hiyo aweze kuutengeneza. Haki huwashughulisha mawakili. Maelezo ndiyo hazina ya mtafiti, kwa kuwa maombi mengi duniani hutangazwa baada ya miezi 18.

Ukurasa wa kwanza pekee una mengi: jina la mvumbuzi na mahali anakoishi, mwenye haki, tarehe, na alama ya uainishaji wa kimataifa, kama C12N kwa vijidudu na vimeng'enya. Hati hutaja pia hataza zilizotangulia na makala za kisayansi. Francis Narin na wenzake walizifuata nukuu hizo nchini Marekani, na mwaka 1997 wakaonyesha kwamba asilimia 73 ya makala zilizotajwa katika hataza za viwanda zilitokana na sayansi ya umma. Kwa tume inayogawa fedha za utafiti, hakuna ushahidi wenye uzito kuliko huo.

Idadi peke yake hupotosha. Manuel Trajtenberg alichunguza hataza za mashine za CT, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili, na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Wingi wa hataza uliendana na fedha zilizotumika katika utafiti, si na manufaa waliyoyapata watumiaji. Manufaa yalionekana pale kila hataza ilipopimwa kwa idadi ya hataza za baadaye zilizoitaja. Hata nukuu zenyewe zinataka uangalifu, maana nyingine huongezwa na mkaguzi wa ofisi ya hataza, na huenda mvumbuzi hakuwahi kuisoma kazi inayotajwa.

Mfano wa karibu uko katika Bonde la Ufa. Kampuni ya Marekani, Genencor, ilipata hataza zinazohusu vijidudu vya maziwa ya magadi ya Kenya. Anayesoma maelezo ya hati hukutana na majina ya maziwa yenyewe, Bogoria na Nakuru yakiwemo. Anayehesabu kwa nchi ya mwenye haki huona Marekani tu, na ziwa linapotea katika jedwali.

Upungufu mwingine ni wa hapa nyumbani. Fundi aliyeboresha mashine ya kukamua alizeti bila kuomba hataza haonekani kabisa katika takwimu. Na kwa kuwa Tanzania ni mwanachama wa ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu lenye makao yake Harare, ombi linaloiteua Tanzania linaweza kuwasilishwa huko. Hesabu ya daftari la Dar es Salaam pekee haitoshi.

Kwa hiyo Tume inaombwa isimpime mtafiti wala chuo kwa idadi ya hataza. Inaombwa ifuatilie ni hataza zipi duniani zinazotaja makala za watafiti wa Tanzania, isome zinazotaja viumbe na maeneo ya nchi hii, na iyaweke matokeo hadharani kwa Kiswahili.