Jicho la umeme lisitangulie bei ya ufuta

MSIMU wa ufuta unapofunguliwa Lindi na Kilwa, kati ya Mei na Juni, kila mtu huuliza bei ya mnada. Wachache huuliza kinachotokea baada ya gunia kutoka ghalani. Hapo ndipo sehemu ya bei hiyo inapoamuliwa, kwa sababu mnunuzi anapotoa zabuni tayari amekwisha kupiga hesabu ya gharama za kuusafisha mzigo upya.

Kazi hiyo viwandani hufanywa na sensa ya mwanga, ambayo mafundi wengi huiita jicho la umeme. Chombo kimoja hutoa mwanga na kingine huupokea. Kitu kikikatiza mwanga huo au kikiurudisha, mtambo unajua kuwa kimepita. Jicho hilo huhesabu chupa za soda kwenye mkanda, na huzuia mlango wa lifti usimbane mtu.

Katika mashine ya kuchambua nafaka kwa rangi, punje huteremka kwenye mlizamu zikipita mbele ya taa na kamera. Punje nyeusi au yenye doa ikionekana, vali hufunguka kufumba na kufumbua, na upepo wa kompresa huipuliza kando. Makampuni kama Satake ya Japani na Bühler ya Uswisi yamejenga jina kwa mashine za aina hii.

Hoja inayosikika ni kwamba vyama vikuu vya ushirika vya mkoa, Lindi Mwambao na Runali, vinunue mashine hizo ili thamani ya kuchambua ibaki hapa. Hoja ni nzuri, ila inaanzia mwisho. Kwa maoni yetu, mashine hiyo itamtia mkulima hasara iwapo mnada hautabadilika kwanza.

Tupige hesabu ya mfano. Ghala lina tani 500 za ufuta, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Mauzo ni shilingi milioni 1,500. Sasa tuseme mashine imeondoa asilimia 4 ya punje zisizo na rangi nzuri. Zinabaki tani 480. Hata kama mnunuzi ataongeza shilingi 100 kwa kila kilo, mauzo yatakuwa shilingi milioni 1,488. Mkulima amesafisha mali yake na amepoteza shilingi milioni 12, kabla ya kulipa umeme na fundi.

Ili pesa zirudi palepale, nyongeza lazima ifike shilingi 125 kwa kilo. Vinginevyo zile tani 20 za makapi zipate mnunuzi wake, kwa mfano mkamuaji wa mafuta. Akizichukua kwa shilingi 1,500 kwa kilo, zinaingia shilingi milioni 30, na hasara inageuka kuwa faida ya shilingi milioni 18. Kwa hiyo faida ya mashine inategemea mambo mawili yaliyo nje ya mashine: bei ya daraja na soko la makapi.

Tazama mchele. Wenye vinu wa Mbeya na Kahama walifunga mashine za kuchambua kwa rangi kwa sababu muuza duka wa Dar es Salaam hulipa bei tofauti kwa mchele mweupe usio na chenga wala mawe. Bei ilitangulia, jicho la umeme likafuata.

Kwetu ufuta huuzwa kwa mafungu ya ghala. Ufuta wa aliyepepeta vizuri huchanganywa na wa jirani aliyeanika chini mchangani, na wote hupata bei moja. Mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, ambao ufuta wa Lindi uliingia mwaka 2024, umeleta uwazi wa zabuni. Uwazi huo utamfaa zaidi mkulima endapo mafungu yatatenganishwa kwa daraja.

Historia nayo inatuonya. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, Serikali ilijenga viwanda vikubwa vya kubangua korosho kwa mikopo, ikiwamo ya Benki ya Dunia. Mtama na Nachingwea vilifika. Wakati mitambo inafungwa, zao lilikuwa linaporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Bei ndogo, wakulima kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia. Viwanda vilifungwa, na baadhi ya majengo yakaja kuwa maghala. Mitambo ilikuwapo, kilichokosekana ni korosho na hesabu.

Pwani yetu ina masharti yake pia. Vumbi la ufuta hufunika kioo cha sensa, na jicho likishafunikwa hukataa punje nzuri na kupitisha mbaya. Hewa ya bahari hupeleka unyevu ndani ya kompresa na kutu kwenye vali. Umeme unaopanda na kushuka huharibu vifaa vyake. Tena, kamera ya kawaida ya rangi haioni kijiwe chenye rangi ya ufuta. Kijiwe hicho hutolewa na mashine ya kutenganisha kwa uzito, ambayo ni rahisi zaidi.

Yapo na maslahi ya akina mama wanaochagua korosho kwa mikono, nyeupe upande huu na zilizoungua upande ule. Mashine ikija bila mpango, wao ndio wa kwanza kurudi nyumbani. Inafaa wafundishwe kuiendesha na kukagua yale inayoyakosea, kwani daraja la korosho wanalijua kuliko mgeni yeyote.

Mpangilio tunaopendekeza ni huu. Kwanza, maturubai ya kuanikia na chekeche katika kila chama cha msingi. Pili, mafungu yapimwe na kupigwa mnada kwa daraja. Tatu, mkataba wa makapi na wakamuaji. Nne, fundi aliyesomea kazi hiyo aajiriwe na kukaa Lindi, si kusubiriwa kutoka Dar es Salaam wakati msimu unakwisha. Baada ya hapo ndipo inunuliwe mashine moja ya pamoja, kwa sababu mnada wa ufuta hudumu miezi michache tu na mtaji usiofanya kazi mwaka mzima ni mzigo.

Wajumbe wa vyama watakaoletewa ankara ya mashine waanze kwa swali moja: mnunuzi gani ameandika kwamba ataongeza shilingi 125? Kama hayupo, fedha hizo zikanunue maturubai.